Walutheri katika misitu ya Mpanda



Mtu akiuliza kazi ya mchungaji ni nini, aghalabu huelekezwa kanisani siku ya Jumapili, akaonyeshwa mimbari, kitabu na kengele. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini katika Mpanda halitoshi. Kazi kubwa iliyofanywa kwa jina la Walutheri katika upande ule wa nchi, ambao tangu 2012 unaitwa Mkoa wa Katavi, ilifanywa bila mimbari. Ilifanywa kwa tingatinga na sululu, kwa mashine za kuchimbia visima, kwa madaftari ya mgao wa unga na kwa kamba za kupimia mashamba. Na watu waliofanyiwa kazi hiyo, kwa makumi ya maelfu, karibu wote hawakuwa Walutheri.

Jambo hili lafaa kuzungumzwa mbele ya walimu na watumishi wa umma kuliko mbele ya watu wengine wowote, kwa kuwa wao ndio wanaokutana kila siku na swali lililomo ndani yake. Mtumishi aliyepelekwa kwa watu wasio wa kwao, wasio wa dini yake wala wa kabila lake, awatumikieje bila kuwageuza kuwa mali yake? Swali hilo halina jibu la vitabuni. Mpanda lilijibiwa kwa vitendo, sehemu moja vizuri sana, na sehemu nyingine vibaya.

Kwanza, nchi yenyewe. Mpanda ni nchi ya miyombo, asali na mbung'o. Katika enzi za ukoloni Serikali ya Kiingereza, kwa hofu ya malale, iliwakusanya watu wa Jimbo la Magharibi katika makazi machache, na misitu mikubwa ikaachiwa wanyama. Wenyeji, yaani Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, na Wafipa upande wa kusini, walikuwa wachache mno kwa ukubwa wa ardhi yao. Reli ilifika mwaka wa 1950, tawi kutoka Kaliua, wala haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa ili kubeba madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa, na reli ikabaki msituni kama mtu aliyeachwa na wenzake safarini. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba mzigo mkubwa ambao reli ile ingekuja kuubeba ungekuwa ni watu.

Ukristo ulikuwako zamani, lakini ulikuwa Ukristo wa Kikatoliki. Mapadre Weupe walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka wa 1885, wakarithi boma lililojengwa na Wabelgiji. Aliyekumbukwa kuliko wote katika misheni ile hakuwa padre wala Mzungu. Alikuwa Adrien Atiman, mtu wa Afrika Magharibi, kutoka nchi za Mto Niger, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akapelekwa Algeria, na mwishowe akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema 1889 akiwa tabibu na katekista. Akaoa huko huko, akaishi huko huko, akatibu watu hata alipofariki mwaka wa 1956. Hiyo ni miaka sitini na saba ya kazi mahali pamoja! Watumishi wengi wa leo huanza kuandika barua za uhamisho kabla mwaka wa pili haujaisha, hasa wakipangiwa Mpanda. Mgonjwa anayefika na homa hana nafasi ya kueleza imani yake, na tabibu mwenye akili hamwulizi. Kanuni ambayo Walutheri waliifuata baadaye, basi, haikuwa ngeni katika nchi ile. Atiman alikwisha kuiishi.

Walutheri wa Tanzania walikuwa watu wa Kilimanjaro na Upare, wa Usambara na Uzaramo, wa Iringa na Njombe, wa Bukoba. Makanisa saba yalipoungana mwaka wa 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hakuna hata moja kati ya hayo saba lililokuwa na makao yake Mpanda. Kwa hesabu ya kawaida ya kanisa, ya waumini na sadaka, hapakuwa na sababu yoyote ya Mlutheri kwenda kule. Kilichowapeleka ni shida ya watu wengine.

Tangu 1959 maelfu ya Wanyarwanda walikuwa wamekimbia kwao. Baadhi yao walikimbilia Kivu, katika Kongo, na Kongo nayo ilipowaka moto mwaka wa 1964 hawakuwa na mahali pa kukaa. Serikali ya Tanganyika, ambayo Uhuru wake ulikuwa bado haujatimiza miaka mitatu, ilikubali kuwapokea. Mwaka huo huo Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kwa kuombwa na Serikali na Baraza la Kikristo la nchi hii, liliunda shirika la Tanganyika Christian Refugee Service, au TCRS kwa kifupi. Yapata wakimbizi 3,000 wakapelekwa Mwesi, katika nyanda za juu za Mpanda, mahali penye baridi na udongo mzuri. Huo ndio mwanzo wa Walutheri kufanya kazi kubwa katika Mpanda: kazi ya ugenini, kwa ajili ya wageni.

Mapatano yaliyoongoza kazi hiyo yalikuwa ya pande tatu. Serikali ilitoa ardhi, ikatoa na Mkuu wa Makazi kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha na kusimamia haki za wakimbizi kwa mujibu wa sheria za kimataifa. TCRS ilifanya kazi yenyewe. Utaratibu huo leo unaonekana wa kawaida, lakini wakati ule ulikuwa mpya katika Afrika, na nchi nyingine zilikuja kuutazama.

Kisha ukaja mwaka wa 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule yalianza mauaji makubwa katika Burundi. Wahutu waliouawa, hasa waliosoma, wakiwamo walimu, makarani na wanafunzi, wanahesabiwa kuwa kati ya laki moja na laki mbili, na wako wanaosema zaidi. Walionusurika walivuka mpaka kuingia Kigoma. Mwaka uliofuata jeshi la Burundi lilishambulia vijiji vya Tanzania vilivyo karibu na mpaka, likaua watu. Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam wakajibu kwa kukataa kugusa mizigo ya Burundi. Ilikuwa dhahiri kwamba wakimbizi hawawezi kuachwa mpakani. Wakapakiwa katika mabehewa. Reli ya madini ya risasi ikapata mzigo wake. Mwaka wa 1973 makazi ya Katumba yalifunguliwa kando ya reli hiyo, si mbali na mji wa Mpanda. Ulyankulu, katika Tabora, yalikuwa yamefunguliwa mwaka mmoja kabla, na maji yalipoonekana kuwa haba huko kwa wingi ule wa watu, wengi walihamishwa tena kuanzia 1978 kwenda makazi mapya ya Mishamo, magharibi ya Mpanda.

Yafaa kuielewa kazi ya Mishamo kwa undani kidogo, maana wengi husema neno "makazi ya wakimbizi" wakidhani ni mahema na foleni za uji. Mishamo ilikuwa msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Kwanza ilipasuliwa barabara. Halafu vijiji kumi na sita vilipimwa, na katika kila kijiji kila familia ikapewa kiwanja na shamba la hekta tano. Familia ilishushwa kutoka katika lori ikiwa na jembe, shoka, panga, mbegu na mgao wa chakula wa kuifikisha kwenye mavuno. Kuanzia hapo ilitakiwa kuukata msitu kwa mikono yake. Wakati huo mashine zilichimba visima na kutiwa pampu za mkono, zahanati zikajengwa, shule zikajengwa. Baada ya misimu michache mgao ulipunguzwa, na hatimaye ukasimamishwa. Watu walioingia msituni wakiwa hawana kitu wakawa wanauza mahindi, maharage na mihogo, wakalima tumbaku, wakalipa kodi. Sera ya kujitegemea ilihubiriwa mahali pengi katika nchi hii. Katumba na Mishamo ilitimizwa kwa jembe, na watu ambao hawakuwa hata raia.

Walimu hawatakosa kuona jambo jingine. Shule za makazi yale zilifundisha kwa Kiswahili, kwa mtaala wa Tanzania. Mtoto wa mkimbizi alijifunza kusoma kwa vitabu vile vile alivyosomea mtoto wa Mlele au wa Mkuranga. Huenda katika miaka yote ile hakuna uamuzi uliokuwa na matokeo makubwa kuliko huo, nao haukupigiwa kelele.

Sasa lirudiwe suala la dini. Wakimbizi wale walikuwa Wakatoliki kwa wingi. Walikuwako Wapentekoste, ambao dhehebu lao lilikuwa limepandwa Burundi na wamisionari wa Kiswidi, walikuwako Waanglikana na wengineo. Burundi haikuwa nchi ya Kilutheri. Mfanyakazi wa TCRS aliyesimama na daftari lake asubuhi kwenye ghala alikuwa anagawa mali iliyochangwa, kwa sehemu, katika makanisa ya Kilutheri ya Ulaya Kaskazini, Ujerumani na Marekani, kwa watu ambao wasingeingia katika kanisa lake hata kama lingekuwako. Vishawishi vya hali ya namna hiyo vinajulikana. Mwenye unga ana nguvu kuliko mwenye hoja. Historia ya dini duniani kote, na si dini moja tu, imejaa watu walioongoka kwa sababu ya blanketi, wakarudi walikotoka blanketi lilipochakaa.

Walutheri wa Mpanda hawakufanya hivyo. Shamba lilipimwa kwa hesabu ya vichwa vya familia. Kisima kilichimbwa palipo na maji. Wakimbizi walivuka mpaka na makatekista na wachungaji wao wenyewe, na hao ndio waliojenga makanisa katika vijiji, kwa matofali yao na nyasi zao, kila watu kwa dhehebu lao. Kwa kipimo cha takwimu za kanisa, shirika la Kilutheri lilitumia miaka mingi na fedha nyingi katika Mpanda bila ya kupata faida yoyote. Wako watakaosema huo ni uzembe wa kiinjili. Jibu lao limo katika makazi yenyewe: kwa sababu shirika halikuwa na kundi lake la kulinda, liliweza kusikilizwa na makundi yote.

Msimamo huo haukutoka hewani. Mnamo Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere aliwaambia Masista wa Maryknoll, huko New York, kwamba kanisa lisiloshiriki katika kupigana na mambo yanayowafanya watu kuwa maskini na wanyonge litakuja kuonekana kuwa ni kanisa la wanyonyaji. Maneno hayo yaliwachoma wengi. Miaka saba baadaye, Juni 1977, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, mara ya kwanza katika Afrika. Mkutano ule ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika si jambo la siasa tu ambalo Mkristo anaweza kulitazama kwa mbali. Ni jambo linalogusa imani yenyewe. Na ulimchagua Rais Mwafrika kwa mara ya kwanza: Josiah Kibira, Askofu wa Kaskazini Magharibi, Bukoba.

Kibira ni mfano wa mtumishi ambaye maisha yake hayakubaki ndani ya parokia moja. Alizaliwa 1925, alifanya kazi ya ualimu, alisoma Ujerumani na Marekani, na mwaka wa 1964, mwaka ule ule TCRS ilipoanzishwa, alipokea uaskofu kutoka kwa Bengt Sundkler, Mswidi. Alikuwa mtu wa Uamsho, yaani wa toba na wimbo, lakini pia alikuwa mtu wa kanisa la dunia nzima. Alikaa katika kiti cha Rais wa Fungamano hadi 1984, na alifariki 1988. Katika miaka yake saba ya urais ndipo Mishamo ilipokatwa msituni, ikajengwa, ikaanza kujilisha. Mkutano uliosema Dar es Salaam kwamba mtu hawezi kubaguliwa mezani pa Bwana kwa rangi yake usingeweza kumbagua mtu bombani Mpanda kwa dhehebu lake. Mawili hayo ni jambo moja.

Hata hivyo, ndugu wananchi, mazungumzo ya kusifu tu hayamsaidii mtu. Yako mawili yanayopasa kusemwa.

La kwanza ni lile la vibali. Mkaaji wa makazi alipotaka kwenda nje, hata kumwona ndugu aliye Kigoma, alipaswa kupata kibali cha maandishi kutoka ofisi ya Mkuu wa Makazi. Serikali ilikuwa na sababu zake. Mpaka ulikuwa na hatari, na nchi jirani ilikuwa imekwisha kurusha mabomu. Lakini mtu aliyepewa hekta tano na kunyimwa njia ya kutoka humo ni mtu mwenye shibe asiye na uhuru kamili. TCRS ilikuwa mshirika katika mapatano. Haikuwa na mamlaka juu ya lango. Mtumishi wa kanisa aliyefanya kazi chini ya utaratibu huo alikuwa na mabwana wawili, dhamiri yake na mkataba wake, na mkataba una tarehe na sahihi. Watumishi wa umma wanaifahamu hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

La pili ni zito kuliko la kwanza. Watu wale walikuja na jeraha. Waliona baba zao wakichukuliwa kwa malori wasirudi. Wakapewa visima, zahanati, madarasa na mbegu. Lakini juu ya jambo lenyewe lililowatoa kwao hakuna aliyekaa nao. Hapakuwa na baraza la kulizungumza. Siasa ilikatazwa katika makazi, na dini, kila moja katika kibanda chake, iliogopa kuligusa. Mtaalamu mmoja wa mila na jamii, Liisa Malkki, aliyeishi Mishamo katika miaka ya 1985 na 1986 na baadaye akaandika kitabu juu yake, aliwakuta wakaaji wakiwa wamejitungia historia yao kamili: nani alitangulia Burundi, nani alikuja baadaye, nani ni mwema kwa asili na nani ni mwovu kwa asili. Waliokuwa wamekimbilia mjini Kigoma na kuchanganyika na wenyeji hawakuwa na hadithi hiyo. Iliota mahali ambapo watu walikusanywa peke yao. Wala haikubaki hadithi. Mwaka wa 1980, humo humo Mishamo, Rémi Gahutu alianzisha chama cha Palipehutu, na jina la chama hicho lilikuja kusikika kwa mtutu wa bunduki katika vita vya Burundi vya miaka ya 1990.

Lingekuwa kosa kuwatwika lawama wachimba visima kwa ajili ya vita. Waliofanya mauaji ya 1972 ndio wenye mzigo huo. Lakini kosa la kunyamaza lilikuwako, nalo lilitokana na ule ule uungwana uliosifiwa hapo juu. Kwa kuwa shirika liliamua kutoingilia imani ya mtu, liliona ni adabu kutoingilia pia kumbukumbu yake. Kutouliza dhehebu la mtu kwenye ghala ni haki. Kutouliza kilio chake kwa miaka kumi na mitatu ni jambo jingine. Na kazi hiyo ya pili isingeweza kufanywa na Walutheri peke yao hata kama wangetaka. Wangehitaji katekista Mkatoliki, mchungaji wa Kipentekoste, mzee wa Kianglikana, na hata shehe wa mjini Mpanda ambaye hakuwa na upande wowote katika ugomvi wa Warundi. Watu hao wote walikuwako. Hawakuitwa kukaa pamoja.

Mishamo ilikabidhiwa kwa Serikali mwaka wa 1985. Katumba ilikuwa imetangulia. Kukabidhi ni mtihani ambao wageni wengi huushindwa. Majengo yalibaki, vijiji vilibaki, mashamba yalibaki. Vitu vinavyotaka dizeli na vipuri, kama malori, matingatinga na mashine za maji, vilichoka kwa namna ambayo kila mtu aliyekuwa mtumishi wa Serikali katika miaka ile ya ukata anaikumbuka. Jembe halikuchoka. Na wachungaji wa vijijini, ambao hawakuwa wameajiriwa na shirika lolote, waliendelea kama kwamba hakuna kilichotokea.

Wanyarwanda wa Mwesi waliingizwa katika uraia pamoja na Wanyarwanda wenzao wa makazi mengine, jumla yao wapatao 36,000, mnamo 1980. Mwaka wa 1983 Mwalimu alipewa nishani ya Nansen kwa ajili ya namna nchi hii ilivyowapokea wakimbizi. Warundi wa 1972 ilibidi wangoje zaidi. Mwaka wa 2007 Serikali iliwapa nafasi ya kuchagua, kurudi Burundi au kuomba uraia, na kati ya watu wapatao 218,000 wa makazi matatu ya zamani, wanne katika kila watano waliomba uraia. Maombi yaliyokubaliwa mwaka wa 2010 yalikuwa 162,256. Kisha pakatokea jambo lisilo la kawaida: raia walikubaliwa lakini vyeti vyao vilizuiwa, kwa kuwa mpango ulitaka kwanza wahame Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watawanywe katika mikoa mingine. Kwa miaka minne watu hao hawakuwa wakimbizi tena, wala hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kuwa ni raia. Walisita kujenga nyumba ya matofali, kwa maana nani ajuaye kesho. Walisita hata kupanda miembe. Mpango wa kuwahamisha uliachwa, na Oktoba 2014 vyeti vilianza kutolewa.

Hapo ndipo kazi ya dini mbalimbali pamoja, ile iliyokosekana zamani, inapopata mahali pake. Katumba sasa imo katika Halmashauri ya Nsimbo, na Mishamo imo katika Wilaya ya Tanganyika. Makao ya zamani ya wakimbizi yanapakana na Wabende na Wakonongo ambao babu zao waliacha misitu ile kwa hofu ya malale, na sasa wanaona imejaa watu. Yanapakana pia na wafugaji wa Kisukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao tangu miaka ya 1970. Kila upande una madai yake juu ya ardhi, na kila upande una Mungu wa kumwapia. Raia mpya akigombana na mwenyeji juu ya mpaka wa shamba, neno "mkimbizi" hutupwa haraka kuliko jiwe.

Fungamano la Kilutheri lenyewe lilionekana kujifunza. Ishmael Noko, Mzimbabwe, aliyekuwa Katibu Mkuu wake tangu 1994 hadi 2010, alikuwa mstari wa mbele kuwakusanya Wakristo, Waislamu, watu wa dini za jadi na wengine wa Afrika katika mkutano wa amani uliofanyika Johannesburg Oktoba 2002. Hapa nchini TCRS ilikuwa chombo cha Watanzania wenyewe mwaka wa 2006. Kanisa Katoliki lina Jimbo la Mpanda tangu 2000, na Walutheri wa Rukwa na Katavi wana Dayosisi ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Sumbawanga. Kamati za amani za viongozi wa dini, ambamo mashehe, maaskofu na wachungaji hukaa meza moja, zimekuwa jambo la kawaida mikoani. Wako wanaozicheka kwamba ni za kunywea soda na kupigia picha. Baadhi yake ni hivyo kweli. Lakini kamati hupimwa siku ya ugomvi, si siku ya soda.

Na kwa mtumishi wa dini wa siku hizi anayepangiwa Mpanda, kazi yenyewe haina fahari. Ni kukaa katika kikao cha watumiaji maji cha kijiji, chombo kinachotambuliwa na sheria ya maji ya 2019, akibishana na watu juu ya nani hajalipa mchango wa pampu. Ni kwenda mazikoni kwa Mwislamu na kunyamaza wakati wa dua, kisha kubeba udongo kama wengine. Ni kumshawishi mzee wa Mishamo aliyevuka mpaka akiwa kijana asimulie mwaka wa 1972 mbele ya wajukuu zake bila kumtaja adui wake kama mnyama. Hilo la mwisho huchukua muda mrefu, na pengine mzee hukataa, akaondoka zake, ikabidi afuatwe tena wiki nyingine.

Mtoto aliyezaliwa Mishamo mwaka wa 1979, katika nyumba ya miti ya kijiji kilichokuwa bado kina visiki barabarani, alikuwa na miaka thelathini na mitano vyeti vya uraia vilipoanza kutolewa. Alikwisha kusoma kwa Kiswahili, kulima tumbaku, kulipa kodi, kuoa na kuzika wazazi wake. Ofisi nyingi ilimpasa kupitia zilimwuliza ametoka wapi. Bomba la kijijini pake, lililochimbwa na watu wa dhehebu lisilo lake, halikuwa limemwuliza.